Weka Ushahidi Kwanza, Ndipo Uripoti: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Kampuni za Mitandao

Barua za mwezi huu nyingi zimehusu mitandao ya kijamii. Tumechagua tano. Pale ambapo msomaji analalamikia mtandao au kampuni fulani katika jambo lake binafsi, tumeondoa jina. Katika majibu tunatumia zaidi mfano wa Facebook na kampuni inayoimiliki, Meta, kwa sababu mwenendo wake ndio uliochunguzwa sana mahakamani na kwenye nyaraka zilizowekwa wazi.

Mhariri, picha ya dada yangu imewekwa kwenye kundi lenye maelfu ya watu wakidai anaiba watoto. Wametaja hadi mtaa anaokaa. Tumeripoti zaidi ya watu thelathini, tukajibiwa kwamba chapisho halijavunja kanuni. Tufanye nini? (Msomaji, Nakuru)

Pole sana, na dada umfikishie pole zetu. Hapa usalama wake ndio unaotangulia. Mwaka 2018 nchini India, uvumi kama huu wa wizi wa watoto uliosambaa kwa WhatsApp ulifanya watu wasio na hatia wauawe na makundi yenye hasira. Kama kuna ndugu anayeweza kumpokea siku chache, aende leo. Mjulisheni chifu na wazee wa nyumba kumi sasa hivi, halafu mrudi kwenye simu.

Wengi hukimbilia kuripoti, na hapo ndipo wanapopoteza. Chapisho likifutwa, ushahidi nao umekwenda, na utakapofika kituoni utaulizwa uonyeshe kitu gani. Kwa hiyo hifadhi kwanza. Lifungue chapisho likae peke yake kwa kugusa saa au tarehe iliyo chini ya jina la aliyeandika. Nakili kiungo chake kupitia nukta tatu za pembeni, kibandike kwenye barua pepe na ujitumie mwenyewe. Barua pepe hiyo itabeba tarehe na saa. Fanya vivyo hivyo kwa ukurasa wa aliyeandika, kwa kuwa jina na picha ya akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, ilhali kiungo chenye namba ya akaunti ni kigumu zaidi kukikwepa.

Kisha piga picha za skrini: jina la kundi na idadi ya wanachama, chapisho zima, idadi ya waliosambaza, na maoni yote yenye vitisho, yakiwemo yaliyofichwa nyuma ya majibu. Angalia tarehe. Mtandao ukiandika "jana" au "saa 3 zilizopita", hiyo si tarehe ya kupeleka popote. Kwenye kompyuta, weka mshale juu ya maneno hayo bila kubonyeza na tarehe kamili itajitokeza. Piga picha ikiwa inaonekana. Malizia kwa kurekodi skrini mfululizo: anza na uso wa simu unaoonyesha saa, fungua programu, ingia kwenye kundi, nenda kwenye chapisho, halafu kwenye ukurasa wa mwandishi, bila kukata. Picha hizo usizipunguze kingo. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili, maana zikienda kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake.

Sasa ripotini. Idadi yenu haina uzito mnaoudhania. Kampuni yenyewe inasema chapisho haliondolewi kwa sababu tu limeripotiwa mara nyingi. Chenye uzito ni sababu mliyoichagua. Mkichagua "habari za uongo", mara nyingi chapisho halifutwi, linapunguzwa tu kuonekana. Chagueni unyanyasaji, vitisho, au kutangaza taarifa binafsi za mtu. Dada mwenyewe pia aripoti kwa akaunti yake, kwa sababu baadhi ya kanuni za unyanyasaji hufanya kazi pale tu mlengwa anapojitokeza. Penye nafasi ya maelezo, andikeni maneno yenyewe yaliyotumika na tafsiri yake kwa Kiingereza, hasa kama ni Sheng au Kikuyu. Mashine inayochuja inalijua tusi la Kiingereza. Tishio lililojificha kwenye msemo wa mtaani inalipita bila kuliona.

Jibu la kwanza kwa kawaida hutoka kwenye mashine. Ingia kwenye kisanduku cha ujumbe wa msaada ndani ya programu, uombe uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa tena, mara nyingi utapewa namba ya marejeleo ya kupeleka suala kwenye Bodi ya Usimamizi ya Meta ndani ya siku 15. Bodi hiyo huchukua mashauri machache mno, lakini namba hiyo inathibitisha kwamba kampuni iliarifiwa. Na kama picha alipiga mmoja wenu, tumieni pia fomu ya hakimiliki, maana mwenye haki ya picha ni aliyeipiga. Fomu hii hushughulikiwa haraka, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inaikinga kampuni dhidi ya madai ya hakimiliki kwa sharti kwamba iondoe kitu ikishaarifiwa. Wanasikia pale ambapo kunyamaza kuna gharama.

Polisini nendeni na nakala zilizochapishwa pamoja na simu yenyewe. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilitumika, nani alikitumia na nakala ilitolewaje, kiandaeni mapema. Malalamiko mengine yaende kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye kwa Sheria ya mwaka 2019 anapaswa kuyamaliza ndani ya siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, kwa hiyo si mlango wa kubisha bure. Wasomaji wa Tanzania wanayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinahusu unyanyasaji mtandaoni, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022.

Mtaona tunasisitiza sana kumbukumbu. Sababu iko katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Oktoba 2021, wakati wa vita vya Tigray, machapisho ya Facebook yalimtaja Meareg Amare, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, yakiwa na picha yake na eneo analoishi. Mwanawe, Abrham, aliripoti. Novemba 3 profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Jibu la kampuni kwamba chapisho mojawapo limevunja kanuni lilifika siku nane baada ya mauaji. Desemba 2022 mwana huyo, pamoja na Fisseha Tekle wa shirika la haki za binadamu la Amnesty International na Taasisi ya Katiba ya Kenya, walifungua kesi Nairobi, ambako wakaguzi wa machapisho ya ukanda huu walikuwa wakifanyia kazi. Meta ilidai mahakama za Kenya haziwezi kuisikiliza. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema zinaweza. Kesi hiyo imesimama juu ya tarehe: lini aliripoti, lini alijibiwa, na nini kilitokea katikati. Zenu pia ziandikeni.

Nikifungua mtandao nakutana na ugomvi na kashfa tu, wakati marafiki zangu ni watu wa kanisani na wa kilimo. Je, ni mimi ninayependa ugomvi? (Mstaafu, Dodoma)

Shikamoo mzee. Hapana, si wewe. Kila unapofungua programu, mfumo unakuwa na mamia ya machapisho ya kukuonyesha na nafasi ya machache. Unayapa alama kwa kubashiri: utabonyeza? Utaandika maoni? Utamtumia mwenzako? Yenye alama nyingi hupanda juu.

Alama hizo hupangwa na watu maofisini. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza mawasiliano yenye maana kati ya watu. Nyaraka za ndani alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa meneja wa bidhaa katika kampuni hiyo, zilionyesha mwaka 2021 jinsi "maana" ilivyopimwa. Tangu 2017, vikaragosi vya hisia, ukiwemo uso wa hasira, vilihesabiwa mara tano ya alama ya kupenda. Watafiti wa kampuni yenyewe walieleza kwamba machapisho yanayovuta nyuso za hasira yana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba uongo na matusi. Uzito wa hasira ulishushwa kidogo 2018, na ukafika sifuri Septemba 2020 tu. Ulipofika sifuri, watu walionyeshwa uongo mchache zaidi, na shughuli zao mtandaoni hazikupungua. Maana yake marekebisho hayo yaliwezekana tangu mwanzo.

Wewe ukikasirishwa na chapisho ukaandika "Aibu, lifutwe hili!", mfumo hauelewi lawama yako. Unahesabu maoni moja, na marefu pia. Kwa hiyo usilijibu wala usiliwekee alama yoyote. Gusa nukta tatu, chagua kulificha, na kama ukurasa huohuo unarudi, acha kuufuata. Kwenye menyu ya Facebook kuna pia sehemu ya milisho, iliyoletwa Julai 2022, ambayo huonyesha machapisho ya marafiki na kurasa unazozifuata kwa mpangilio wa muda bila mashindano ya alama. Imefichwa kidogo, na kila ukifunga programu inakurudisha kwenye mpangilio wao, lakini ipo.

Ugomvi huo kwako ni kero. Kwa Warohingya, jamii ndogo ya Waislamu wa Myanmar, ulikuwa ni suala la uhai na kifo. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 wa jamii hiyo walikimbilia Bangladesh kuokoa roho zao, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema Machi 2018 kwamba mitandao ya kijamii ilikuwa na mchango mkubwa katika kueneza chuki dhidi yao. Kwa watu wengi wa Myanmar, Facebook ndiyo ilikuwa intaneti nzima. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2015 kampuni ilikuwa na wakaguzi wawili tu wanaojua Kiburma. Ilikiri baadaye, Novemba 2018, kwamba haikufanya vya kutosha.

Kwa nini wawili? Tazama hesabu. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023 Facebook iliingiza zaidi ya dola 68 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwa mtumiaji wa Afrika, anayehesabiwa kwenye fungu la "dunia iliyobaki", iliingiza chini ya dola 6. Nyaraka za Haugen zilionyesha pia kwamba asilimia 87 ya muda uliotengwa kuainisha habari za uongo ulielekezwa Marekani, wakati watumiaji wa huko hawakuzidi sehemu ya kumi ya watumiaji wote. Kampuni ilijibu kwamba takwimu hiyo haijumuishi kazi yake yote. Sisi tunasema anayeitwa mtumiaji wa dola 6 anatishiwa na kuuawa sawasawa na yule wa dola 68, na hakuna hesabu ya biashara inayoweza kuhalalisha tofauti hiyo ya ulinzi.

Nimeitwa kwenye usaili Nairobi, kazi ya kukagua machapisho kwa niaba ya mtandao mkubwa. Mshahara ni mzuri kuliko wa sasa. Niende? (Kijana, Arusha)

Hatutakuzuia kutafuta riziki, kaka, ila nenda ukijua. Kazi yenyewe ni kutazama kilichoripotiwa, yaani mauaji, watoto wanaonajisiwa, watu wanaojiua, na kuamua haraka kama kibaki au kiondoke. Wakaguzi wa Nairobi waliofanya kazi chini ya kampuni ya Sama kwa niaba ya Meta walieleza kwamba kila uamuzi ulitakiwa uchukue wastani wa sekunde 50. Baadhi walilipwa takriban dola 1.50 kwa saa.

Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi. Alisema hakuelezwa kazi ni ya namna gani hadi alipokuwa ameshahama nchi, na kwamba alifukuzwa alipojaribu kuwaunganisha wenzake. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha shughuli hiyo, na Machi wakaguzi 43, ambao baadaye walifika 184, wakaishtaki pamoja na Meta kwa kuachishwa kinyume cha sheria. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Katika kesi ya wakaguzi hao 184, ripoti za daktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta zilieleza kwamba zaidi ya wakaguzi 140 wana ugonjwa wa kiwewe. Marekani, mwaka 2020, Meta (ikiitwa Facebook wakati huo) ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wakaguzi wapatao 11,250 waliodai madhara ya aina hiihii. Kazi ni ileile, ugonjwa ni uleule.

Kabla ya kusaini, uliza yafuatayo na upate majibu kwa maandishi. Mkataba unaitaja kazi kwa jina lake, au umeandikwa "wakala wa huduma" na mengine ya jumla? Utakagua kwa lugha gani, na aina gani ya machapisho? Kuna kiwango cha sekunde au idadi kwa zamu? Picha zinaweza kuonyeshwa zikiwa zimefifishwa na bila rangi, na sauti ikizimwa hadi uihitaji? Hili la mwisho si anasa. Hupunguza makali ya unachokiona, na programu inaruhusu. Mshauri nasaha ni mtaalamu mwenye leseni, na unayoongea naye hayafiki kwa meneja? Matibabu yanaendelea kwa muda gani baada ya mkataba kwisha? Hapo ndipo wengi walipoachwa, kwa sababu kiwewe mara nyingi hujitokeza miezi kadhaa baada ya mtu kuondoka.

Wewe ni Mtanzania, kwa hiyo uliza pia kibali cha kazi kiko kwa jina la nani na kinakuwaje mkataba ukivunjwa. Baadhi ya wakaguzi wa kigeni kwenye kesi ile walijikuta wako Nairobi bila mshahara na bila kibali. Watakusainisha kiapo cha siri. Kisikutishe kwenda hospitali, kwani daktari unaweza kumweleza kilichokuumiza. Nakala ya mkataba, ya kiapo na ya kila hati ya mshahara iwe nyumbani kwenu Arusha, si kwenye barua pepe ya kazini ambayo hufungwa siku unayoachishwa.

Ukianza kazi na ukaona usingizi umekata, picha zinakurudia mchana, au unashtuka kwa sauti ndogo kwa zaidi ya mwezi mmoja, nenda hospitali ya nje ya kampuni na uhakikishe inaandikwa kwenye faili lako kwamba dalili zimetokana na kazi.

Binti yangu ana miaka 14. Analala na simu, saa 8 usiku yumo mtandaoni, na siku hizi anasema ni mbaya wa sura. Nimnyang'anye? (Mama, Tanga)

Mama, usianze kwa kumnyang'anya. Atatafuta ya rafiki yake, na akipata shida hatakwambia. Utafiti wa ndani wa Instagram wa mwaka 2019 ulikiri kwamba programu hiyo humfanya msichana mmoja kati ya watatu ajione vibaya zaidi kuhusu mwili wake, kwa wale ambao tayari walikuwa na wasiwasi huo. Walijua, na umma ukajua miaka miwili baadaye. Mwambie hivyo, ili asidhani kasoro ni yake.

Angalia mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti yake. Watoto wengi hujiongezea umri, na hapo ulinzi wote wa chini ya miaka 18 unazimika. (Kikomo cha miaka 13 nacho kilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto, hakikupimwa kwa ukomavu wa akili.) Kwenye TikTok, kikomo cha dakika 60 kinachowekwa kwa vijana kinaweza kuendelezwa na kijana mwenyewe kwa kuingiza namba ya siri, kwa hiyo unganisha akaunti yako na yake na uweke muda wewe. TikTok na Instagram zote zina sehemu ya kuanza upya mapendekezo ya video. Itumieni mkiwa pamoja, halafu siku chache zinazofuata atafute kwa makusudi vitu anavyovipenda, kama mapishi au michezo, kabla mfumo haujamrudisha kwenye nyuso na miili. Zimeni arifa zote isipokuwa za simu na ujumbe wa familia. Akaunti iwe ya faragha.

Usiku simu zote za nyumbani, na yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni. Mnunulie saa ya kengele ili asiseme anahitaji simu ya kumwamsha.

Na mwambie mapema: mtu akimtishia kwa picha, asilipe na asifute mazungumzo. Aje kwako, mhifadhi ushahidi kama tulivyoeleza kwa msomaji wa Nakuru. Kwa picha za utupu za aliye chini ya miaka 18 kuna huduma ya Take It Down, na kwa mtu mzima StopNCII. Zote hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako. Picha yenyewe haipelekwi popote, na mitandao iliyojiunga hutumia alama hiyo kuizuia isipandishwe.

Nikifuta akaunti ya Facebook, wanaacha kunifuatilia? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sehemu. Kwanza hakikisha umechagua kufuta, si kusimamisha kwa muda. Kabla ya hapo pakua nakala ya taarifa zako, na utenganishe programu na tovuti unazoingilia kwa akaunti hiyo, la sivyo utafungiwa nje. Una siku 30 za kughairi, na usiingie hata mara moja kuchungulia, maana ukiingia ukaghairi unaanza upya. Kufuta kila kitu kwenye mitambo yao kunaweza kuchukua hadi siku 90. Ujumbe uliowatumia watu unabaki kwao.

Zaidi ya hapo, namba yako imo kwenye simu za watu wengine wanaoruhusu programu kupakia orodha zao. Katika sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyopata taarifa za watumiaji wa Facebook, watu wapatao 300,000 tu ndio waliojaza jaribio la maswali, lakini taarifa zilizochukuliwa zilifikia za watu milioni 87, kwa kuwa marafiki zao nao walizolewa. Mlango ule umefungwa, na Meta ilitozwa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani mwaka 2019, lakini orodha za namba bado hupakiwa. Waombe jamaa zako wa karibu waingie kwenye mipangilio, wazime upakiaji wa namba za simu, na wafute zilizokwisha kupakiwa. Kuzima peke yake hakuondoi za zamani.